Mzee kafariki, mirathi haijagawiwa, na kila nikiuliza naambiwa nina haraka

BintiWaMwisho

Asalam aleikum wapendwa. Naomba mnisaidie maana nyumbani siwezi tena kuuliza, nikifungua tu mdomo watu wanaangaliana. Baba yetu alifariki muda sasa, eda ya mama ilishaisha zamani na mpaka leo hakuna kilichogawiwa. Alichoacha ni nyumba anayokaa mama, nyumba nyingine ya kupangisha, duka, na hela kidogo benki. Duka analiendesha kaka mkubwa, kodi ya ile nyumba anapokea yeye, na daftari sijawahi kuliona. Ukimuuliza anasema baba alishamwambia "hili duka lako" na kwamba yeye ndo alilibeba miaka yote mzee akiwa mzima, kwa hiyo hakuna cha kuzungumza. Benki nako jina aliloandika baba kama mnufaika ni la huyo huyo kaka. Mama nae hataki kusikia neno mirathi akiwa hai, anaona tukigawa atakuwa mgeni kwenye nyumba yake mwenyewe.

Tupo mama, kaka wawili, mimi na dada yangu. Dada yetu mwingine alifariki baada ya baba, kaacha mume na mtoto mmoja wa kiume. Halafu kuna kaka yetu alietangulia kabla ya baba, huyo kaacha binti na baba ndo alikuwa anamsomesha.

Mi ninachojua ni mwanaume anapata mara mbili ya mwanamke, basi, hapo ndo elimu yangu inapoishia. Sitaki ugomvi, nataka kujua haki inakaaje kabla sijaongea kitu mbele ya watu.

Abuu_Mizani

Waaleikum salaam warahmatullah. Dada, kabla sijaandika chochote nijibu hili moja: mama yake marehemu, yaani bibi yenu mzaa baba, siku mwanae anafariki alikuwa hai?

BintiWaMwisho

Bibi yupo hai mpaka leo alhamdulillah, ni mtu mzima sana, anakaa kwa baba mdogo. Kwani nae anahusika? Sisi tulijua ni mke na watoto tu.

Abuu_Mizani

Anahusika sana, na hakuna mtoto anaeweza kumtoa. Mama wa marehemu hafungiwi mlango na mtu yeyote, watoto wakiwepo anachopungua ni kutoka theluthi kwenda sudusi (moja ya sita), ipo wazi Suratun Nisaa aya ya 11. Nilikuuliza kwa sababu kwenye kesi nyingi ninazoletewa bibi ndo anasahaulika, watu wanahesabu mke na watoto wanafunga kikao.

Sasa nenda nami taratibu. Kitu cha kwanza si kugawa, ni kujua mali ya marehemu ni ipi. Kama mama yako alichangia hela yake kununua kiwanja au kujenga, sehemu yake hiyo si mirathi, ni mali yake anaitoa kwanza na hairudi kwenye hesabu. Baada ya hapo zinatoka gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia kama aliacha na usizidi theluthi ya kilichobaki, ndo warithi wanaanza. Madeni si ya dukani tu. Kwa sisi Mashafi'i, wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafi'i, hata zaka aliyokuwa hajaitoa, au hija iliyokuwa imeshamlazimu na hakwenda, inatolewa kwenye mali kabla ya mtu kupewa chake, hata kama hakuusia.

Warithi wa baba ni wale waliokuwa hai dakika ile anakata roho. Hii dakika watu hawaielewi, wanadhani warithi ni wale waliopo siku ya kikao. Kwa hiyo kwa baba yako warithi ni mke mmoja, mama yake, watoto wa kiume wawili na wa kike WATATU, sio wawili. Dada yenu marehemu alikuwa hai baba anafariki, kwa hiyo alirithi, kuchelewa kwenu kugawa hakumfuti.

Mke ana thumni (moja ya nane) kwa sababu kuna watoto. Bibi ana sudusi. Kinachobaki ni cha watoto, mwanaume sehemu mbili mwanamke moja. Ukitafuta namba inayogawika bila vipande unafika 168: mama yako 21, bibi 28, zinabaki 119, kila kaka 34 na kila dada 17. Hesabu mwenyewe uone zinarudi 168.

Ila haiishii hapo maana dada yenu alifariki na 17 zake zikiwa hazijatoka mkononi mwa kaka. Hizo sasa ni mirathi ya pili ndani ya ya kwanza, ndo inaitwa munasakha. Warithi wake ni mume wake robo, mama yenu sudusi, na kilichobaki chote cha mwanae wa kiume. Nyie ndugu zake hamna kitu hapo, mtoto wa kiume kawazuia, na bibi pia hapati upande huu kwa kuwa mama wa marehemu yupo. Mkitaka namba nzima bila vipande mnapanua mpaka 2016: bibi 336, mama yenu 286 (252 za mumewe na 34 za bintie), kila kaka 408, wewe na dada yako kila mmoja 204, shemeji 51, na mtoto wa dada yenu 119.

Angalia huyo mtoto. Kama ni mdogo basi ni yatima kwa mama yake, na ana haki ndani ya duka ambalo kila mwezi linaingiza hela na yeye hajawahi kuona hata kalamu ya shule kutoka humo.

kijana_wa_mbele

Subirini kwanza. Hivi nyie mnaojaza hesabu hapa mnajua mama wa watu atalala wapi? 286 kwenye 2016 si hata moja ya saba ya nyumba. Mnaharakisha kugawa halafu mnamuuzia mama paa juu ya kichwa. Mi nilikuzwa kwamba mama akiwepo mali inakaa kama ilivyo mpaka Mungu amchukue, hiyo ndo heshima. Huyu dada kaka yake kalibeba duka miaka yote, leo kafika na kikokotoo.

MamaSuhail

Kaka, heshima kwa mama naikubali mia kwa mia ila umechanganya vitu viwili. Kujua nani ana ngapi ni kitu kimoja, kuuza ni kitu kingine kabisa. Mimi nimekuwa msimamizi wa mirathi ya baba yangu na nyumba hatujaiuza mpaka leo, mama yumo ndani.

Tulichofanya ni hivi. Tuliandika kila kitu kwanza, yaani kila kitu, mpaka cherehani na mapipa ya maji na simu ya marehemu. Simu hiyo ndo ilitusaidia maana madeni aliyokuwa anawadai watu yote yalikuwa kwenye meseji, hakuna karatasi hata moja. Tukaita mtu anaejua bei akathamini nyumba na mashine. Halafu kila mrithi akaandikiwa sehemu yake kwa thamani. Ndo tukakaa na mama tukamwambia mama, sehemu yako ukiweka kwenye nyumba hii unafika mpaka hapa, iliyobaki sisi watoto tunakuachia ukae, wengine kwa kukupa kabisa na wengine kwa kubadilishana na vitu vingine. Mdogo wangu wa kiume alichukua mashine za kusaga akatoka kwenye nyumba. Mashekhe wanakuita huko kutoka kwa makubaliano takharuj na ni halali, mradi kila mtu ajue anachokiacha ni kiasi gani kabla hajakiacha.

Hapo ndo watu wanapofeli. Dada anaambiwa kwenye kikao "umesamehe?" mbele ya wajomba na kaka zake wote, anainamisha kichwa, inaandikwa amesamehe. Amesamehe nini wakati hajatajiwa hata ni kiasi gani? Na mtoto mdogo yeye hana kusamehe kabisa, si mwenyewe wala baba yake kwa niaba yake. Kwa hiyo huyu mtoto wa dada yao, hata shemeji akisema "sisi hatutaki kitu", anasemea zile 51 zake tu, 119 za mtoto hana ruhusa nazo.

Na hiyo "mpaka mama afe" ndugu yangu angalia inavyozaa. Huyu dada ametaja kifo kimoja tu baada ya baba na hesabu imeshatoka 168 ikafika 2016. Bibi nae ni mtu mzima sana. Akiondoka leo na haki yake ikiwa bado dukani, 336 zake zinaenda kwa watoto wake yeye, yaani baba wadogo na mashangazi, halafu hao nao wana wake na waume. Hapo hata hao kaka wawili hawatajua wanadaiwa na nani.

Abuu_Mizani

Allah akulipe bi Mama Suhail. Niongezee la duka na benki maana dada aliuliza.

"Hili duka lako" ina milango mitatu na kila mmoja una hukumu yake. Kama baba alimaanisha hiba, yaani amempa akiwa hai na ana afya zake, basi hiba inahitaji kukabidhiwa. Duka lilihama mkononi? Leseni, stoku, maamuzi ya kununua na kuuza, faida ilikuwa inaingia mfuko wa nani? Kama mpaka siku anafariki mzee ndo alikuwa anafungua droo jioni na anamlipa kijana posho, hapo hakuna hiba iliyotimia, kuna maneno ya mzee kumfurahisha mwanae. Kama alimaanisha "nikifa liwe lako" basi huo ni wasia kwa mrithi, na hadithi ya Mtume swalallahu alayhi wasallam iko wazi, hakuna wasia kwa mrithi, isipokuwa warithi wenzake waridhie baada ya kifo, na anaeridhia anatoa kwenye sehemu yake tu. Na kama aliyasema akiwa kwenye ugonjwa uliomuua, hata hiba ya kweli inachukuliwa kama wasia.

Mlango wa tatu watu hawaufikirii ila mimi naona ndo wenye haki ya kaka yenu. Huenda aliweka mtaji wake humo, au walikubaliana awe mshirika wa faida. Hilo likithibiti kwa mashahidi au maandishi basi fungu lake ni lake na halihesabiwi kwenye mirathi hata kidogo, linatoka kwanza kama lile la mama. Kwa hiyo usiende kwake na hukumu mfukoni, nenda na swali. Mtu aliyekesha dukani ujana wake wote ukimuanza kwa "umekula haki yetu" hutapata daftari, utapata mlango umefungwa.

Ya benki ni rahisi zaidi. Jina la mnufaika ni la kumwambia benki hela amkabidhi nani, hiba haikufanyika hapo kwa sababu baba alikuwa anatoa na kuweka mwenyewe mpaka mwisho. Kwa sheria yetu anazipokea kama amana na anazileta mezani. Sheria ya nchi nayo ina utaratibu wake, hakikisheni msimamizi anathibitishwa na mahakama au kadhi wa mnapoishi, bila hivyo hati hazitembei.

Na kodi ya nyumba ya kupangisha tangu siku ya kifo ni ya warithi wote kwa sehemu zao. Atoe matumizi ya ukarabati na kodi za serikali, zinazobaki zihesabiwe.

Zuhura.K

Samahani naingilia. Mimi linalonitatiza ni hili la mara mbili. Huyu dada alikuwa anamuuguza baba, nina uhakika, maana siku zote ni mabinti. Leo 204 kwa 408. Sisemi kupinga Quran, nauliza tu kwa sababu nje tunaulizwa na hatuna jibu zaidi ya "ndo ilivyo".

Abuu_Mizani

Swali zuri na si dhambi kuuliza. Kwanza hiyo ya mara mbili si kanuni ya mirathi nzima, inaonekana zaidi kwa watoto na kwa ndugu waliochanga baba na mama au baba tu. Ndugu waliochanga mama tu wanagawana sawa kwa sawa, kaka na dada, Nisaa aya ya 12. Baba na mama wa marehemu kila mmoja sudusi kama marehemu ana mtoto wa kiume. Kwenye hesabu hii hii angalia, bibi ana 336 na mtoto mkubwa wa kiume 408, tofauti ni ndogo. Na mwanaume sehemu yake inakuja na mzigo wa kulisha mke, watoto na wazazi, ya mwanamke hakuna anaeruhusiwa kumuomba hata senti ya unga kutoka humo. Sasa kama wanaume wanachukua mara mbili halafu mzigo hawaubebi, hapo una haki ya kulalamika, ila walalamikie wao.

Halafu kumbuka aya hizi zilishuka kwa ajili ya nani. Sa'd bin Rabi' aliuawa vita vya Uhud mwaka wa 3 Hijria, akaacha mke na mabinti wawili. Ndugu yake Sa'd akachukua mali yote, ndo ilivyokuwa desturi. Mjane akamfuata Mtume akamwambia ami yao kachukua mali yao na hawa hawaolewi bila mali. Aya ikashuka, Mtume akamuita yule ami akamwambia wape mabinti wa Sa'd theluthi mbili, mama yao thumni, kinachobaki chako. Ukigawa mali sehemu 24 ni 16, 3 na 5. Yaani yule mwanaume aliyekuja kubeba vyote kaondoka na 5. Mwanamke mmoja alikwenda kuuliza, wewe dada BintiWaMwisho unaambiwa una haraka kwa kufanya kitu kile kile.

mwl_mstaafu

Mmemsahau mjukuu, yule binti wa kaka aliyetangulia. Kwa hesabu zenu hana kitu kwa sababu ami zake wawili wapo hai wanamzuia. Sawa kabisa kifiqhi, yaani kwa sheria ya dini, ila mtoto alikuwa anasomeshwa na babu, babu kaondoka na ada imeondoka. Hapa ndipo mzee alitakiwa aandike wasia. Mjukuu huyu si mrithi, kwa hiyo wasia kwake ulikuwa unafaa mpaka theluthi, mstari mmoja tu wa karatasi. Mtume kasema haifai Muislamu mwenye kitu cha kuusia alale usiku mbili bila wasia wake kuwa umeandikwa. Wangapi humu wana huo mstari? Tunaogopa karatasi kana kwamba ndo inayoua.

Nchi nyingine zimeliona tatizo hili. Misri kwa sheria namba 71 ya mwaka 1946 waliweka wasia wa lazima kwa wajukuu wa mtoto aliyetangulia, ndani ya theluthi. Pakistani mwaka 1961 wakaenda mbali zaidi, mjukuu anachukua kabisa nafasi ya mzazi wake, na maulamaa wengi hawakukubaliana nao. Kwetu sisi ambao hatuna hayo, imebaki aya ya 8 ya Nisaa: wakihudhuria mgawanyo jamaa na mayatima na masikini, wapeni humo na waambieni maneno mazuri. Wakubwa kwenye familia wanaweza kukubaliana kila mmoja atoe kidogo kwenye chake mtoto amalize shule. Kwenye chao wakubwa lakini, sio kwenye zile 119.

kijana_wa_mbele

Sawa nimesoma. La mtoto wa dada yao sikuliona, nakiri hapo. Ila bado nasema mtu asiende na namba 2016 mbele ya bi mkubwa, mtamuua kwa presha.

MamaSuhail

Hapo tupo pamoja 😂. Dada, usianze na mama wala na kaka mkubwa. Anza na kaka wa pili, muombe mkutane na mtu wa nje mnaemuheshimu wote, iwe shekhe au mzee wa familia, na agenda iwe moja tu, kuorodhesha mali na madeni. Neno kugawa lisitajwe siku hiyo. Orodha ikishakuwepo hesabu inajileta yenyewe. Baba mdogo nae aitwe, sio kama mrithi maana hana kitu, ila kwa sababu bibi yupo kwake na atamsemea mama yake, labda ndo maana amenyamaza, hajui kama mama yake ana sudusi.

Na jambo moja ukiwa na mama peke yenu, muulize kama mahari yake yote alilipwa.

BintiWaMwisho

Jazakumullahu kheir wote, nimeandika kila kitu kwenye daftari. Kaka wa pili nimeongea nae, kakubali orodha, kasema hata yeye alikuwa anaogopa kuuliza. Kuhusu mahari nimemuuliza mama jana usiku. Kanishangaa, kasema ilibaki nusu, baba alikuwa anasema "nitakumalizia" na ikaishia hapo, na hakuna mtu aliyewahi kumuuliza. Sasa hiyo inaingia wapi?

Abuu_Mizani

Ni deni. Liandike juu kabisa ya orodha, pamoja na shahidi wa ndoa kama yupo hai. Mama analipwa hiyo nusu kwanza kutoka kwenye mali yote, halafu ndo mnaanza kuhesabu zile sehemu, na thumni yake anaipata tena kama mke.